Mwaka wa Maji Kabondo

Kisangani haina kiangazi. Mji umekaa nusu digrii tu kaskazini ya ikweta, na mvua yake, inayozidi milimita 1,700 kwa mwaka, imetawanyika katika miezi yote kumi na miwili. Ipo miezi ya mvua nzito, Aprili na Mei, kisha Septemba hadi Novemba, na ipo miezi inayopumzika kidogo, hasa Januari na Februari. Mwezi mkavu kabisa haupo. Sisi wa Bukavu tumelelewa tukiingoja Juni: hapo ndipo watu huchimba misingi, hufyatua matofali na kuyachoma, huziba mashimo ya barabara. Kisangani hakuna anayeingoja Juni. Anayejenga hujenga kati ya mvua mbili, na anayefundisha ujenzi hana budi kufundisha hivyo hivyo.

Nilikwenda huko kwa mwaka wa masomo 2023–2024 kufundisha haidroliki na mekanika ya udongo katika chuo kimoja cha ufundi wa juu. Safari za namna hiyo si jambo geni kwetu Kongo. Vyuo ni vingi na wenye udaktari wa uhandisi ni wachache, kwa hiyo profesa hutembea na kozi yake mkobani: anashuka mji fulani, anafundisha asubuhi na jioni kwa majuma mawili, anafanyisha mtihani, anasahihisha usiku, kisha anapanda tena ndege. Nimeishi maisha hayo na sitayabeza, maana bila hayo vijana wengi wasingepata kozi zao. Ila haidroliki ya majuma mawili huishia ubaoni. Mwanafunzi anauona mto katika hali moja, na mwalimu naye vilevile. Safari hii niliomba nikae mwaka mzima, niyaone maji yakipanda na kushuka, na wanafunzi wayapime katika hali zake zote. Chuo kikakubali, mradi nyumba nijitafutie mwenyewe. Nikaipata Kabondo.

Kutoka Bukavu nilipanda meli hadi Goma, na kutoka Goma ndege hadi Kisangani. Karibu njia nzima, ukitazama chini, ni msitu na mito yenye rangi ya chai. Uwanja wa Bangoka uko mashariki ya mji, kilomita 17 hivi, na pikipiki ndiyo iliyonifikisha: begi limelala mbele juu ya tangi la mafuta, mimi nyuma nimekipakata chombo cha lenzi cha kupimia usawa wa ardhi, ambacho sikuthubutu kukiachia mizigo.

Kisangani ina komuni sita. Tano ziko ukingo wa kulia wa Mto Kongo, nazo ni Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo na Kisangani yenyewe; ya sita, Lubunga, iko ng'ambo. Kabondo iko upande wa mashariki. Ni mtaa wa watu wengi na magari machache: nyumba za matofali ya kuchoma na za udongo, miembe, miparachichi na michikichi, barabara za udongo mwekundu ambazo wenyeji huziita avenyu, na kando ya kila avenyu mtaro. Kuingia uani kwa mtu unapita juu ya ubao au gogo lililolazwa juu ya mtaro huo. Asubuhi inaanza na twanga twanga ya pondu, majani ya muhogo, na harufu ya mikate ya mafuta. Baiskeli za mizigo zinapita na mafungu ya ndizi za kupika, za lituma, na magunia ya makaa. Kiswahili na Kilingala vinapokezana katika sentensi moja. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika hapa kabla ya Mzungu kuweka utawala wake imara. Mwaka 1887 Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar, ndiye aliyefanywa gavana wa Stanley Falls. Kwa hiyo nilikuwa mgeni wa mji lakini si wa lugha, na kabla ya juma kwisha avenyu nzima ilikuwa ikiniita Mama Prof.

Mwenye nyumba wangu, mjane aliyesomesha watoto kwa kuuza kwanga, ile mikate ya muhogo, hakunionyesha kwanza chumba. Alinionyesha ukuta. Kulikuwa na mstari wa tope, umekauka, kwa kimo cha goti.

"Mama Prof, maji inafikaka hapa. Kila mwaka. Vitu vyako weka juu."

Nilichutama nikaupima mstari ule kwa futi ya mfukoni, naye akasimama akinitazama bila kuuliza neno. Kozi yangu nikajua itaanzia wapi.

Darasa kubwa nililopewa lilikuwa la mwaka wa tatu, na vijana wale walikuwa na mzigo ambao hawakuuchagua. Sheria ya elimu ya Februari 2014 iliweka mfumo mpya wa lisansi ya miaka mitatu, masta ya miwili na udaktari, na mfumo huo ukaanza kutumika nchi nzima mwaka wa masomo 2021–2022. Walioanza mwaka huo ndio niliowakuta: wa kwanza kumaliza lisansi ya krediti 180. Katika ujia uleule walipishana na kaka na dada zao wa mfumo wa zamani, wenye miaka mitatu ya gradua na miwili ya lisansi juu yake, na kila walipopishana swali lilikuwa lilelile. Mmoja alinisimamisha mlangoni: "Mama Prof, nani atatuchukua kazi na miaka tatu?" Sikuwa na jibu la kiserikali. Nilimwambia kwamba mwenye kiwanja humchukua mtu awezaye kumpa namba, akaulizwa ameitoa wapi, akaonyesha. Hilo lingewezekana kwa miaka mitatu kama tungeitumia kupima. Nililiamini nilipolisema na ninaliamini bado.

Maabara ilikuwa na meza nzuri na madirisha makubwa. Mashine hazikuwepo. Nimeona walimu wakivunjwa moyo na hali hiyo na sitawalaumu, lakini vipimo vingi vya ujenzi vilibuniwa na watu wasio na umeme. Koni ya Abrams, ya kupimia ulaini wa zege mbichi, ina vipimo vinavyojulikana dunia nzima: sentimita 10 juu, 20 chini, 30 kimo. Fundi wa kuchomelea aliye karibu na soko alituundia kwa bati nene, kwa siku moja. Zege tukaichanganya kwa namna mbili, saruji ileile na mchanga uleule wa mtoni, maji tofauti: moja ngumu kiasi cha kuhitaji kupigwapigwa, nyingine laini kama mafundi wengi wanavyoipenda kwa sababu inamwagika yenyewe. Tulitengeneza vijiti vya zege vya urefu wa mkono, tukavifunika magunia mabichi kwa siku 28, kisha tukaviweka juu ya matofali mawili na kuning'iniza ndoo katikati. Mchanga ukamiminwa ndooni kwa kopo hadi kijiti kikakatika. Cha maji mengi kilikatika mapema sana. Darasa lilinyamaza, maana kila mmoja alikuwa na nyumba kichwani, ya kwao.

Jambo hilo lina uzito wa pekee Kisangani kwa sababu ya saruji. Mfuko unaouzwa Kabondo umepanda mto kwa matishari kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700, au umekuja kwa lori kutoka mashariki kupitia Ituri. Umelala gatini, umelala stoo, umeguswa na unyevu. Mtu anayeununua amekusanya fedha yake kidogo kidogo. Kumwagia maji ya ziada ili kazi iwe nyepesi ni kumnyang'anya nusu ya alichonunua, naye hataona hadi boriti ipasuke. Nililisema hilo kwa hasira, na sikuona haja ya kuificha.

Mazoezi ya haidroliki tuliyafanya mtaroni. Tulianza na bati lililokatwa pembe ya digrii 90, ncha ikielekea chini, likazibwa kwa udongo wa mfinyanzi katikati ya mtaro wa avenyu yetu. Maji yote yanalazimika kupita katika pembe ile, na kimo chake juu ya ncha kinakuambia ni kiasi gani kinachopita. Kimo cha sentimita 20 ni karibu lita 25 kwa sekunde. Nikawauliza: kikiwa 40 je? Wengi wakasema 50. Ni karibu 140, kwa sababu kimo kinapandishwa kwa kipeo cha mbili na nusu. Katika kitabu mstari huo unaupita kwa nusu dakika. Mtaroni, mvua inaanza, bati linafunikwa mbele ya macho yako, watoto wanapiga kelele, na kijana aliyeshika rula anapaza sauti "Makumi tatu! Makumi tatu na tano!" huku mwenziwe akiandika daftarini chini ya mwavuli wa jani la mgomba. Baada ya hapo hakuna aliyesahau kipeo kile.

Mvua ilipozidi, bati lilizama likawa halina maana, tukahamia kwenye machungwa. Chungwa linaelea huku sehemu yake kubwa ikiwa majini, upepo haulisukumi, na rangi yake inaonekana katika maji ya matope. Unapima mita kumi kwa kamba, unaliachia juu, unahesabu sekunde. Kasi unayoipata ni ya juu ya maji. Ukiizidisha kwa 0.85 hivi unapata kasi ya wastani, na ukiizidisha tena kwa eneo la mkato wa mtaro unapata mtiririko. Watoto wa avenyu waliyadaka machungwa chini na kuyarudisha kwa ada ya chungwa moja kila duru. Sijawahi kuwa na wasaidizi wa maabara wenye bidii kuwashinda.

Mvua yenyewe tuliipima kwa makopo yenye kuta zilizonyooka, yaliyowekwa wazi mbali na paa na miti, katika nyua za watu waliokubali. Saa 12 asubuhi mtu anatia rula, anasoma milimita, anaandika, anamwaga. Kazi hii ndiyo iliyofungua milango mingi, kwa sababu watu walitaka kujua hizo milimita ni za nini. Mwenye nyumba wangu aliuliza. Nikamwambia: paa lako lina mita za mraba 50 hivi, mvua ya milimita 30, ambayo hapa si mvua kubwa, inamwaga juu yake lita 1,500. Akaniomba nirudie. Pipa lake la lita 200 lilihitaji milimita 4 tu kujaa. Mama huyu alikuwa akiwatuma wajukuu chemchemini kila alfajiri, na maji haya yote yalikuwa yakishuka kwenye mabati ya paa na kumchimbia msingi. Jumamosi ile ile akaita fundi wa kumtengenezea mfereji wa paa. Haikuwa sehemu ya kozi, lakini niliwaleta wanafunzi wauone.

Mwishoni mwa Novemba Mto Kongo ulianza kupanda kupita kawaida. Disemba ilikuwa na mambo mawili kwa pamoja: uchaguzi wa tarehe 20, uliofanya shule nyingi ziwe vituo vya kura, na maji yaliyoingia katika vijiji vya kando ya mto na katika sehemu za chini za mji. Katika mkoa mzima wa Tshopo familia nyingi zilihama na mitumbwi. Januari 2024 habari zikatoka Kinshasa kwamba kipimo cha mto kimefika mita 6.20, pungufu ya sentimita 6 tu kutoka rekodi ya mwaka 1961, mita 6.26. Nikaitupa kozi iliyopangwa wiki ile na kuzungumza na darasa juu ya mto.

Mto huu bonde lake limeipanda ikweta pande zote mbili. Kusini kukinyesha, kaskazini kunapumzika, na kinyume chake, ndiyo sababu Kinshasa haijapata kuuona mto ukikauka; wastani wake pale ni karibu mita za ujazo 41,000 kwa sekunde. Mwaka 1961 ulizidi 75,000. Namba hizi tunazijua kwa sababu watu waliusoma mto huu siku kwa siku. Hata hapa Kisangani vipimo vilianza mwanzoni mwa karne ya 20. Mhandisi anayejenga gati leo anategemea karani wa zamani aliyeshuka ukingoni asubuhi na kuandika sentimita. Niliwauliza vijana: nani amewahi kuandika hata mara moja kina cha mtaro wa Kabondo? Mto mkuu wa Afrika ya kati una kumbukumbu ya zaidi ya miaka mia. Mtaro unaoingia nyumbani kwa mjane hauna hata mstari mmoja, isipokuwa ule wa tope ukutani. Daftari letu lilipata adabu mpya baada ya siku hiyo. Msomaji wa kopo akichelewa, wenzake walimfuata nyumbani.

Februari maji yaliposhuka tulikwenda kwa Wagenya. Kati ya Ubundu na Kisangani Mto Kongo unashuka ngazi saba za maporomoko katika kilomita kama 100, na Wagenya wanavua kwenye ngazi ya mwisho, kandokando ya mji. Wageni huja kupiga picha. Sisi tulikuja na kamba, rula na maswali. Juu ya miamba, katika mashimo ambayo maji yenyewe yameyachonga, wamesimamisha magogo marefu yaliyofungwa matatu matatu kwa kamba za msituni, yakaunganishwa kwa miti ya kulala, na kwenye miti hiyo inaning'inia migono mikubwa ya umbo la koni, mdomo ukiutazama mkondo. Samaki anayesombwa na maji anasukumwa ndani na hawezi kugeuka.

Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini miguu mitatu na si minne. Nikamwelekeza kwa mzee aliyekuwa akikaza kamba. "Papa," akasema kijana kwa adabu, "mguu wa nne ungeongeza nguvu?" Mzee akamtazama, kisha akaigonga miamba kwa kisigino: huu juu, huu chini, huu umeinama. Ukiweka mguu wa nne, alisema, siku zote mmoja hauguswi na jiwe, na usioguswa na jiwe unacheza, na unaocheza unavunja kamba. Hilo ndilo fundisho la uthabiti wa nukta tatu, na sijapata kulisikia likielezwa kwa usahihi zaidi. Kisha alituonyesha yale magogo mapya. Ya zamani yalikwenda na maji ya Disemba. Tulikokotoa darasani kwa nini: msukumo wa maji unakua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo mkondo ukiongeza kasi mara mbili, gogo linasukumwa mara nne. Mzee hakuwa na mlinganyo huo, ila alikuwa na magogo ya akiba yaliyokatwa tayari tangu Oktoba.

Tshopo tulikwenda baada ya mitihani ya kipindi cha kwanza. Mto Tshopo unapita kaskazini ya mji, na kwenye maporomoko yake Wabelgiji walijenga kituo cha umeme katika miaka ya 1950. Kina mitambo mitatu na uwezo wake haufiki megawati 20, kwa mji ambao umekua mara nyingi tangu wakati huo. Tulisimama nje tukikisia mtiririko na kimo cha maporomoko, vijana wakakokotoa nguvu wanayoiona ikipita, wakashangaa inavyokaribiana na ile iliyoandikwa.

Lakini daraja la Tshopo lilikuwa na somo jingine, na sikulipanga mimi. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda, wageni wawili katika mji usio wao, yalipigana ndani ya Kisangani, na daraja hili la kaskazini lilikuwa moja ya vitu walivyovigombea. Makombora zaidi ya 6,600 yaliangushwa mjini. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 700 waliokufa. Wengine huhesabu zaidi ya 1,000. Wanafunzi wangu wengi walizaliwa katika miaka hiyo na iliyofuata. Msichana mmoja alisimama kwenye kitako cha daraja akasema mama yake alivuka hapa na mimba yake, akitambaa. Wengine wakaanza kusema ya kwao. Rula na kamba zilikaa chini kwa muda mrefu.

Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa hasara ya miaka ile ya vita, kwa mafungu matano ya milioni 65, na Kisangani ndiyo makao ya mfuko wa kuwagawia walioathirika. Kabondo watu hulizungumzia jambo hilo mezani, na wanataka hesabu: nani ameandikwa, nyumba ipi, chumba kipi. Nilipowasikia nilielewa upya kazi yangu. Nyumba iliyobomolewa mwaka 2000 ambayo mtu alikuwa ameipima na kuichora ina neno la kusema mbele ya meza ya fidia. Nyumba ambayo haikuandikwa popote inategemea tu kumbukumbu ya mwenyewe, akiwa hai. Tangu siku ile nikaingiza katika kozi zoezi la kila mwanafunzi kupima na kuchora nyumba ya kwao, vyumba, kuta, unene, paa, na kuiachia familia nakala. Wengine waliniambia ilikuwa karatasi ya kwanza kuwahi kuandikwa juu ya nyumba hiyo.

Wa Lubunga hawakuweza wote. Tangu Februari 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola uliwafukuza maelfu kutoka ng'ambo ile, na baadhi ya wanafunzi wangu walikuwa wakilala kwa jamaa upande wetu, nyumba zao zikiwa zimechomwa. Waliozichora walizichora kwa kukumbuka. Niliwapa alama sawa na wengine. Mmoja, mwana wa mfanyakazi wa reli ile ya kilomita 125 iendayo Ubundu, iliyofunguliwa 1906 ili mizigo iyazunguke maporomoko, alinichorea pia stesheni, bila kuombwa, kwa penseli iliyochongwa vizuri.

Mtihani, usahihishaji, vikao vya kutangaza matokeo, kipindi cha pili kwa waliopungukiwa: hayo yanafanana kila mahali Kongo na hayana haja ya kusimuliwa, isipokuwa kwamba nilisahihisha karatasi nyingi kwa taa ya betri. Kazi za mwisho ndizo zilizonipa furaha. Vijana watatu waliandika juu ya mtaro wa avenyu yetu, wakitumia daftari zima la mwaka. Walipima eneo linalomwaga maji yake pale, kama hekta 4, kwa chombo changu cha lenzi. Walichukua mvua kali ya kiwango cha milimita 90 kwa saa, wakakubali kwamba sehemu 6 kati ya 10 hukimbilia mtaroni na nyingine huzama ardhini, wakapata lita 600 kwa sekunde. Kisha wakageukia kalavati iliyo kwenye makutano, ambayo ni mapipa ya mafuta yaliyokatwa vifuniko na kuchomelewa mwisho kwa mwisho. Kipenyo sentimita 57, mteremko nusu ya asilimia. Ikiwa safi, bila takataka hata moja, inapitisha karibu lita 330. Ndipo penye mstari wa tope wa mjane: maji yanayokosa njia yanarudi nyuma na kuingia uani.

Mmoja wa wajumbe wa jopo lililozisikiliza kazi hizo aliuliza kama hii ni kazi ya kiuhandisi ama ni malalamiko ya mtaa. Kijana aliyekuwa mbele akafungua daftari, akasoma tarehe, milimita, sekunde za chungwa, ukurasa baada ya ukurasa, hadi mwenyekiti akamwambia inatosha. Walipita kwa alama za juu.

Mkuu wa mtaa alikuwepo, amealikwa na mjane. Akauliza safu ya pili ya mapipa itaongeza kiasi gani. Safu mbili ni lita 660, akajibiwa. Akaandika. Watu wa avenyu wakachangishana mapipa na elektrodi za kuchomelea, na siku ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, wakatoka na majembe. Kulikuwa na mabishano makali juu ya mteremko. Fundi mwashi alitaka kulaza mapipa kwa jicho, msichana wa mwaka wa tatu akasimamisha chombo cha lenzi, akamwita "Baba fundi, tazama hapa," akamwachia atazame mwenyewe. Fundi akatazama mara mbili, akachimba tena upande wa chini.

Mvua kubwa iliyofuata ilipita yote. Asubuhi yake wakaja watu wa avenyu ya chini, wamekasirika, nao wana haki: maji yaliyokuwa yakilala kwa mjane sasa yanawafikia wao kwa haraka, na wao wana safu moja ya mapipa, tena imetoboka kwa kutu. Vijana wangu walikuwa wameliandika hilo katika sura ya mwisho, kwamba kalavati ya chini lazima ifuate, lakini sura ya mwisho haikuwa imewafikia. Tuliketi nao chini ya mwembe, tukawaonyesha namba, wakauliza maswali mazuri kuliko ya jopo. Kisha wakatutajia nyua nne zilizo tayari kupokea makopo ya mvua, na tukakubaliana kuanza kupima kwao Septemba, mvua zinaporudi kwa nguvu.